Somo: Kuchagua matairi ya Subaru WRX na STI

Wakuu, somo hili ni kwa wenye Impreza WRX na STI zilizotoka Japani zikiwa zimeshatumika. Wenye magari mengine ya kasi mtaokota mengi humu, ila Subaru ina mtihani wake: injini inasukuma magurudumu yote manne muda wote, kwa hiyo tairi moja likipishana na wenzake, anayeumia ni difu ya katikati, yaani kifaa kinachogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma.

Hatua ya 1: saizi. Fungua mlango wa dereva usome kibandiko cha kiwandani kwenye nguzo. Usinakili tu tairi lililofungwa, maana mwenye gari wa kwanza huenda alibadilisha rimu. Tuseme umekuta 225/45R17 91W. Upana ni milimita 225, kimo cha ubavu ni asilimia 45 ya upana huo, rimu ni inchi 17. Namba 91 ni kilo 615 kwa kila tairi, na W ni mwendo hadi kilomita 270 kwa saa. Najua hakuna wa kufika huko Chalinze, lakini herufi hiyo inahusu pia uwezo wa tairi kuhimili joto. Usishuke chini ya ilivyoandikwa kwa sababu dukani kuna H, herufi ya mwendo mdogo zaidi, ya bei nafuu.

Hatua ya 2: gari limeingia karibuni? Inama usome ubavuni. Ukiona STUDLESS, hayo ni matairi ya theluji. Magari mengi ya Japani hushuka bandarini nayo, na kwa kuwa kashata (mpira wenye mifereji unaogusa barabara) bado ni nene mnunuzi anafurahi. Mpira wake umetengenezwa uwe laini kwenye baridi kali; kwenye lami ya Dar saa saba mchana unakuwa laini kupita kiasi, gari linayumba kwenye kona, breki zinachelewa, na tairi linalika upesi. Kwa gari lenye nguvu kama STI, mimi nayavua hata kama yanaonekana mapya.

Hatua ya 3: nunua manne, chapa moja, aina moja. Hapa ndipo watu wanapobishana nami, basi tupige hesabu. Kila milimita moja ya kashata hubadilisha mzingo wa tairi kwa milimita 6 hivi, na mafundi wengi wa Subaru huweka mwisho wa tofauti hapo hapo, robo inchi. Sasa weka tairi jipya lenye kashata ya milimita 8 pamoja na la milimita 4. Lile lililolika litazunguka takribani mara 6 zaidi katika kila kilomita. Hadi Morogoro umbali huo wote difu iko kazini, inachemka, ilhali unaendesha barabara iliyonyooka.

Hatua ya 4: kushika au kudumu. Tafuta ubavuni neno TREADWEAR, namba ya tairi kudumu: ikiwa kubwa, linachelewa kulika. Bridgestone Potenza RE-71R ina 200: inang'ang'ania lami, lakini inaisha haraka. Kwa gari la kwenda nalo kazini, 300 na kuendelea inatosha. Namba hiyo kila kiwanda hujipangia chenyewe, hivyo usiitumie kushindanisha chapa mbili. Kwa masika tazama TRACTION, ambayo hupima breki kwenye maji: chukua AA au A.

Hatua ya 5: umri. Ubavuni, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa. 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Muuzaji akisema "jipya", mwombe akuoneshe hizo.

Kufunga ni kazi ya fundi: mshale ufuate mwelekeo wa kuzunguka, balansi, alaimenti, na upepo upimwe tairi likiwa la baridi.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, naweza kushuka rimu 16? Matuta yananitesa.*
Kwa WRX ya kawaida, ndiyo. 205/55R16 ina kipenyo cha milimita 632, na 225/45R17 ni 634, kwa hiyo hata spidomita haitadanganya. STI yenye breki za Brembo sahau, rimu 16 inagonga kalipa, kile kishikio cha pedi za breki.

*Moja limepasuka ubavuni, matatu yana nusu ya kashata. Hela ya manne sina. Ninunue mawili ya mbele?*
Hapana kaka, hapo umeitenganisha mbele na nyuma, na hicho ndicho difu ya katikati haikitaki. Afadhali utafute mtumba mmoja wa aina ile ile, upime kashata kwa kipimo, si kwa macho. Tazama pia DOT, na upapase ubavu ndani na nje kama una kiraka au uvimbe.

*Naitrojeni inafaa kulipia?*
Hewa ya bure ina asilimia 78 ya naitrojeni tayari. Nunua geji ya upepo.

*Na ile spea nyembamba?*
Ya kufika gereji tu, na mwendo usizidi ule ulioandikwa ubavuni, mara nyingi 80.