Kabla hujachomelea bati jipya kwenye gari la zamani

Wengi wetu hapa Tanga tukishapata bati tunakimbilia kuwasha mashine, wakati kazi yenyewe karibu yote iko kabla ya moto. Mimi hili limenigharimu. Nilikuwa na Peugeot 504, sili ya kushoto, ule mhimili wa bati chini ya milango, imeliwa na kutu, fundi mmoja pale Ngamiani akainyanyua kwa jeki mbele na nyuma, akaikata sili yote kwa grenda, jioni tunafunga mlango wa mbele haufungi, juu umebanwa na nguzo na chini kidole kinapita. 504 haina chesisi ya kujitegemea, bodi ndio chesisi, ukitoa sili katikati panabonyea.

Kwa hiyo kabla ya kukata, gari likae sawa kwenye stendi za chuma, sio tofali za bloku maana zinapasuka ghafla na wewe uko chini. Halafu kwenye uwazi wa mlango chomelea bomba la mraba la inchi moja toka nguzo hadi nguzo, ndio upime kona kwa kona na tepu uandike, na upande wa pili usiguse mpaka huu uishe.

Bati tafuta geji 20, kama milimita 0.9 hivi. La kuezekea achana nalo jamani, lina zinki, ukilichoma ule moshi mweupe usiku utatetemeka kwa homa kama una malaria.

Pa kukaa muda mrefu ni kwenye kulivisha bati likiwa kavu, yaani kabla ya kuchomelea. Libane kwa klempu na skrubu, mlango na madigadi viwe mahali pake, fungua, funga, rudi nyuma hatua tatu uangalie ule mstari wa nafasi toka juu mpaka chini, kama haulingani legeza uanze tena hata mara kumi, mimi siku nzima inaisha hapo na sioni hasara. Ukichomelea na kasoro utaishia kuificha kwa pati, ile ya kujazia mabonde, na pati ikipata ufa inanyonya unyevu, kwa hewa hii ya bahari haichukui muda rangi imevimba.

Mashine ya MIG, ile inayotoa waya yenyewe, yenye waya wa milimita 0.6 ndio salama kwa bati jembamba, ile ya vijiti inatoboa kama mkono haujazoea. Jaribu kwanza kwenye vipande vya bati lile lile, na ujue utapiga nukta moja moja ukihamahama ili lisijikunje.

Toa betri, viti, zulia na sponji zote, tangi la mafuta lishuke kabisa maana hata likiwa tupu ule mvuke ndio unaolipuka. Mtu asimame na ndoo ya maji na mtungi wa kuzimia moto, na mkimaliza msiondoke mapema, dawa ya lami ya chini ya gari hufuka polepole.

Kusugua kutu naweka mwisho, asubuhi ile ile ya kuchomelea. Bati lililong'aa ukilala nalo Raskazone, kule kando ya bahari, ukiamka lina unga wa rangi ya chungwa, na zile alama za vidole vyako vya jasho ndio zinatangulia kuonekana.