Somo: Trakta mpya ya kukata majani, tangu inaposhuka garini hadi vidanje (kubadilisha oili) ya kwanza

Shule yetu, upande wa komini ya Annexe hapa Lubumbashi, imepata trakta ndogo ya kukata majani, ile ambayo dereva anaikalia. Ina injini ya silinda moja, plato ya visu (sahani ya chuma inayofunika visu kwa chini) ya inchi 42 (sentimita 107), na gia za haidrostati: unakanyaga pedali, inakwenda, unaachia, inasimama. Ilipita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, juu ya lori kama vitu vingi vitokavyo Afrika Kusini. Mimi ndiye niliyekabidhiwa kuitunza na kuiendesha.

Wengi wameniuliza kama inafaa. Inafaa, tena sana. Uwanja uliokuwa unawatoa jasho vijana na makupekupe yao (vyuma vya kufyekea majani kwa mkono) kutwa nzima sasa unakwisha asubuhi, na majani yanabaki sawasawa. Usukani ni mwepesi, kiti kinasogezwa, na inazunguka mti wa muembe bila taabu. Lakini ndani ya mji huu nimeona mashine nyingi za namna hii zimelala nyuma ya nyumba, tairi zimeoza, na ukiuliza unaambiwa zilikufa mwaka wa kwanza. Sababu ni zilezile: oili haikutazamwa, kisu kiligonga jiwe, esanse (petroli) ililala ndani ya kabureta kiangazi kizima. Kwa hiyo nawapa hatua nilizofuata, na pale udongo wetu unapodai jambo la pekee nitakaa kidogo.

Hatua ya 1: Oili kabla ya ufunguo

Usiwashe injini ili kusikia tu kama inanguruma. Mashine nyingine husafirishwa bila oili, nyingine zikiwa nayo nusu. Iegeshe mahali tambarare, chomoa kijiti cha kupimia, kipanguze, kirudishe, chomoa tena, soma. Injini za aina hii huchukua kama lita moja na nusu, lakini anayeamua ni kijiti. Ongeza kidogo kidogo. Oili iliyozidi nayo hudhuru: injini hutoa moshi na kuloanisha filta ya hewa.

Kwa joto letu SAE 30 ndiyo sahihi kwa injini nyingi ndogo zinazopozwa kwa hewa. 10W-30 nayo inakubaliwa, ila siku za joto kali hupungua haraka, basi utazame kijiti mara nyingi zaidi.

Hatua ya 2: Batri na upepo

Batri ni ya volti 12. Ichaji polepole hadi ijae; ikiwa imejaa na imepumzika, kipimo husoma karibu 12.6. Unapofunga nyaya anza na chanya, halafu hasi. Unapofungua, anza na hasi.

Upepo wa matairi watu hawaujali, na hapo ndipo mkato unapoharibikia. Kiwandani huyajaza kupita kiasi kwa ajili ya safari. Fundi wa tairi wa kando ya barabara naye, usipomwambia, atakutilia upepo wa gari. Trakta hizi hutaka kidogo mno: mara nyingi karibu PSI 14 mbele na 10 nyuma. Soma kilichoandikwa ubavuni mwa tairi na ndani ya kijitabu. Tairi moja ikizidi nyingine, plato yote inainama, na utalaumu visu bure.

Hatua ya 3: Kusawazisha plato

Hii ifanye mwenyewe, hata kama muuzaji amekuhakikishia kwamba imefanywa. Lori limepita mashimo mangapi tangu mpakani?

Simamisha trakta juu ya simenti, zima, toa ufunguo, vuta breki ya kuegesha, kisha chomoa waya wa bujii (plagi inayotoa cheche ya kuwasha injini). Bila kuchomoa waya huo mkono usiingie chini ya plato, hata kwa sekunde moja. Vaa glavu nene. Geuza visu vielekee kushoto na kulia, pima kutoka ncha ya kila upande hadi chini. Vipimo viwe sawa, au tofauti isizidi milimita 3. Kisha geuza visu vielekee mbele na nyuma: ncha ya mbele inatakiwa kuwa chini kuliko ya nyuma kwa milimita 3 hadi 6. Mwinamo huo mdogo unafanya jani likatwe mara moja na kutupwa nje, lisirudie kuzunguka chini ya plato. Yetu ilikuwa imeshuka upande wa kulia kiasi cha kuonekana kwa macho. Nati moja ya kurekebisha, ufunguo wa kawaida, ikakaa sawa.

Magurudumu madogo ya pembeni mwa plato hayapaswi kubeba uzito. Yakae juu ya ardhi kwa nafasi ndogo, yaguse tu penye kinundu.

Hatua ya 4: Kutoa hewa kwenye gia

Ikiwa yako ni ya haidrostati, hewa huingia ndani ya oili ya gia wakati wa safari, nayo trakta huenda kwa kusitasita. Nyuma kuna mkono mdogo wa kuachia gia ili mashine isukumwe kwa mikono. Uvute, washa injini, kanyaga pedali mbele kwa sekunde kama 5, nyuma vilevile, rudia mara kadhaa. Zima, rudisha mkono, washa na urudie, safari hii mashine ikitembea kweli. Hakikisha hakuna mtu mbele wala nyuma.

Hatua ya 5: Tembea uwanja wako kwa miguu

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo sisi wa Haut-Katanga tunatofautiana na wale wanaoandika vijitabu.

Nchi yetu ni nchi ya vichuguu. Mchwa aitwaye Macrotermes falciger hujenga vilima vinavyoweza kufika mita 8 kwenda juu, na kila mtu hapa anajua tofali nzuri hutoka wapi. Kichuguu kikubwa hakikusumbui, unakiona. Kinachosumbua ni kile kilichosawazishwa zamani ili kutengeneza uwanja. Udongo wake wa mfinyanzi umebaki chini ya majani kama mgongo wa kobe, mgumu, na plato ikipita juu yake visu vinakwangua mpaka mizizi. Tulivitafuta vinundu hivyo kwa kukanyaga, tukavipiga jembe baada ya mvua udongo ukiwa laini, tukatawanya, tukapanda majani tena. Kile tulichoshindwa kukiondoa tumekizungushia mawe yaliyopakwa chokaa, na pale kupekupe linaendelea na kazi yake.

Mchwa pia hupandisha udongo mpya juu ya majani. Udongo huo una mchanga, na mchanga hula makali ya kisu haraka. Utawanye kwa reki kabla ya kukata. Na mvua za kwanza zikileta bowa (uyoga), waite akina mama waokote kwanza. Ni chakula, hakina haja ya kusagwa na visu.

Baada ya hapo okota mawe, vipande vya simenti, waya, misumari, chupa. Ncha ya kisu hukimbia karibu kilomita 300 kwa saa. Jiwe dogo likipigwa na kitu cha mwendo huo, hutoka kama risasi na kuvunja dirisha au jicho. Kwa sababu hiyo shuleni kwetu tumeweka sheria: hakuna kukata wanafunzi wakiwa nje. Hakuna mtoto kupakatwa na dereva, hata akilia. Najua inapendeza kumpandisha mtoto. Watoto wamepoteza miguu kwa sababu ya kupandishwa huko, maana siku nyingine mtoto humfuata dereva kwa nyuma akitaka kupanda tena, na dereva anarudi nyuma bila kumwona.

Mteremko: usipite digrii 15. Kupima ni rahisi. Chukua ubao wa mita moja na pima-maji ya mwashi. Weka ncha moja ya ubao juu ya mteremko, unyooshe ulale sawa, pima pengo la ncha nyingine hadi ardhini. Likizidi sentimita 27, trakta isipande hapo. Na mteremko unaoruhusiwa, panda na kushuka wima; ukikata kwa ubavu inaweza kupinduka.

Hatua ya 6: Mkato wa kwanza

Subiri umande ukauke. Wakati wa masika, tangu Novemba hadi Machi, hiyo ni kama saa nne au tano za asubuhi. Majani mabichi hugandamana chini ya plato na kuachwa mabonge mabonge yanayoua gazoni (majani ya uwanja).

Pandisha plato juu. Usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu wa jani kwa mara moja. Majani ya sentimita 12 yakate yabaki 8. Ukiyataka 6, rudi baada ya siku chache. Januari majani yetu yanakimbia kweli, hivyo afadhali mara mbili kwa juma kuliko mara moja kwa kukwangua.

Peleka injini hadi kasi yote, ndipo uwashe visu. Wengi hupunguza kasi ya injini wakidhani wanaitunza. Inapozwa kwa hewa ya feni yake. Ukiipunguza, kisu hakikati bali huchana, na injini inachemka. Cha kupunguza ni mwendo wa magurudumu. Kumbuka pia tuko kama mita 1,200 juu ya bahari: injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300. Hivyo hapa ina nguvu pungufu kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko ilivyoandikwa kwenye boneti. Ikinung'unika ndani ya majani mazito, nenda taratibu au kata nusu ya upana.

Hatua ya 7: Baada ya kazi

Safisha juu ya injini, penye mapezi ya kupoza. Kagua filta ya hewa. Vumbi letu jekundu huijaza mapema. Ya karatasi igonge taratibu tu, usiipulize kwa kompresa wala kuiosha kwa esanse. Vidanje ya kwanza fanya mapema, baada ya saa 5 hadi 8 za kazi kulingana na kijitabu, maana injini mpya hutoa vumbi la chuma. Kisha kila saa 50.

Maswali ya wasomaji

Mama wa Kampemba: Jambo Yaya. Parcelle yangu ni mita 20 kwa 30, na nyumba iko katikati. Ninunue?

Hapana, Mama. Ukitoa nyumba na miti unabaki na vipande vya kona, na trakta inataka nafasi ya kugeukia. Nunua ya kusukuma, nzuri, ya injini ya mipigo minne. Fedha itakayobaki tafutia mchanga wa kusawazisha gazoni.

Baba wa Likasi: Yangu inazimika kila ninapopita kwenye shimo. Fundi anataka kuunganisha waya wa chini ya kiti moja kwa moja. Nimruhusu?

Usimruhusu, Baba. Swichi ile ya chini ya kiti huzima injini dereva akianguka visu vikizunguka. Tazama kwanza kama plagi ya waya chini ya kiti imelegea au ina kutu, kisha kama springi za kiti ni ngumu kuliko uzito wa dereva, nyingine hurekebishwa. Swichi ikiwa imekufa, weka mpya. Na yale mashimo yajaze.

Kijana wa ufundi, Kipushi: Yaya, nichanganye oili ndani ya esanse kama ya msumeno?

Hapana, mdogo wangu. Msumeno ni wa mipigo miwili. Hii ni ya mipigo minne, oili yake iko chini peke yake. Esanse iingie safi. Ukinunua kwa makadafi (wauza esanse) wa barabarani, iache kwanza ndani ya chupa inayoonyesha ndani itulie: maji hukaa chini, utayaona. Mimi napenda kwenda stesheni yenye wateja wengi, kwa sababu esanse yake hailali.

Papa wa Kolwezi: Nikiiwasha nyuma ya nyumba inanguruma vizuri lakini haitembei kabisa.

Papa, tazama ule mkono wa kuachia gia. Mara nyingi vijana wameisukuma na hawakuurudisha. Ukiwa mahali pake, kagua mkanda wa kuendeshea kama umetoka kwenye puli. Usivutishe trakta kwa gari wakati gia zimeshika, utaziua.

Dada wa Goma: Kwetu chini ni lava tupu. Hatua zako zinafaa?

Dada, ya 1 hadi ya 4 zinafaa zote. Ya 5 kwenu ndiyo kubwa. Palipopita lava ya 2002 au ya 2021, mawe ni makali na yanaibuka kila mvua inapoosha udongo. Usipeleke trakta mahali ambapo hakuna udongo uliowekwa juu ya mawe na kushikwa na mizizi. Plato ikae nafasi ya juu kabisa msimu wa kwanza, na visu uvikague baada ya kila kazi: kilichopinda kitupe, usikinyooshe kwa nyundo.

Mwalimu wa Kipushi: Kiangazi majani hayaoti. Kuanzia Mei niiache vipi?

Mwalimu, esanse ikipita siku 30 huanza kuharibika na kuacha gundi ndani ya kabureta. Mwishoni mwa Aprili punguza ile ya tangini, kisha acha injini ifanye kazi mpaka ijizime yenyewe. Fanya vidanje kabla ya kulaza, si baada. Chomoa waya hasi wa batri, na uichaji kila mwezi umeme ukiwapo. Kwaruza majani yaliyokauka chini ya plato, waya wa bujii ukiwa umechomolewa. Iweke chini ya paa, na ziba bomba la moshi kwa kitambaa ili nyigu wasijenge ndani. Kitambaa kiwe chekundu na kirefu, kining'inie, ili yeyote atakayeiwasha Oktoba akione kabla ya kuzungusha ufunguo.