Jinsi ya kusoma hesabu za duka kubwa la familia: mfano wa Morrisons

William Morrison alianza kuuza mayai na siagi sokoni Bradford mwaka 1899. Mwanawe Ken alishika biashara 1952 akiwa na miaka 21, akaikuza hadi ikawa miongoni mwa maduka makubwa manne ya Uingereza. Mwaka 2021 ikanunuliwa na CD&R, kampuni ya uwekezaji ya Marekani, kwa takriban pauni bilioni 7, na Septemba 2022 duka pinzani la Aldi likaipokonya nafasi ya nne. Safari hiyo yote unaweza kuifuatilia kwenye hesabu zake, hata kama si mhasibu.

Fungua tovuti ya Companies House, ofisi ya Uingereza inayosajili kampuni, ambayo ni bure, utafute jina la kampuni na upakue hesabu za miaka mitano mfululizo. Mwaka mmoja peke yake haukuonyeshi mwelekeo.

Anza na mauzo, lakini usiamini jumla yake. Machi 2004 Morrisons iliinunua Safeway, kampuni nyingine ya maduka makubwa, kwa pauni bilioni 3, na mauzo yakaruka kutoka bilioni 4.9 hadi bilioni 12.1. Asiyejua angeshangilia. Kumbe mifumo ya kompyuta ya kampuni hizo mbili haikuoana, na mwaka ulioishia Januari 2006 ukafungwa kwa hasara ya pauni milioni 313 kabla ya kodi. Kwa hiyo tafuta mauzo ya maduka yale yale, yaani yaliyokuwapo tangu mwaka uliotangulia. Hakikisha pia kama mwaka una wiki 52 au 53, maana wiki moja ya ziada huongeza karibu asilimia 2 ya bure.

Kisha pima mzunguko wa bidhaa: thamani ya bidhaa zilizomo ghalani na dukani, gawanya kwa gharama ya bidhaa zilizouzwa, zidisha kwa 365. Kwa mfano, bidhaa za milioni 40 kwa gharama ya milioni 730 ni siku 20, yaani muda ambao bidhaa hukaa kabla ya kuuzwa. Fanya vivyo hivyo kwa deni ambalo duka linadaiwa na wauzaji wa jumla; likiwa milioni 80, wanalipwa baada ya siku 40. Duka la vyakula huishi kwa pengo hilo, maana linauza kabla ya kulipa. Siku za kulipa zikishuka ghafla, huenda wauzaji wameanza kuogopa kukopesha. Hiyo ni dalili mbaya kuliko faida kupungua.

Mwisho ni riba, na hapa ndipo wengi hukosea. Kampuni ikinunuliwa kwa fedha za mkopo, deni huwekwa kwenye kampuni zilizo juu ya duka, yaani zinazolimiliki. Ukisoma hesabu za Wm Morrison Supermarkets pekee, mzigo huuoni. Angalia nani anaimiliki, panda kampuni moja baada ya nyingine hadi Market Topco iliyo juu kabisa, usome hesabu za pamoja za kundi zima. Gawanya faida ya uendeshaji, yaani faida kabla ya riba na kodi, kwa riba. Jibu likiwa chini ya 2, kaa macho. Likiwa chini ya 1, biashara haijilipii riba yake. Na kundi likiuza mali kupunguza deni, kama Morrisons ilivyouza vituo 337 vya mafuta kwa pauni bilioni 2.5 mwaka 2024, ondoa faida iliyokuwa ikitokana na mali hiyo kwenye hesabu yako ya mwaka unaofuata, kwa sababu haitarudi.