Kusahihisha utabiri wa majivu ya volkano kwa picha za setilaiti

Novemba 23, 2025 volkano ya Hayli Gubbi, huko Afar nchini Ethiopia, ililipuka. Majivu yakavuka Bahari ya Shamu hadi Yemen na Oman, na usiku wa kesho yake yakawa yamefika Delhi. Kwa volkano ya nyikani kama ile, setilaiti ndiyo jicho letu.

Hatua ya 1: Tambua majivu. Chukua picha za Meteosat-9, setilaiti ya hali ya hewa ya Ulaya, zinazotoka kila dakika 15. Katika mikanda ya infraredi (miale ya joto isiyoonekana kwa macho) ya mikroni 10.8 na 12.0, toa joto la mkanda wa pili kwenye lile la wa kwanza. Mawingu ya kawaida huelekea chanya, majivu hasi. Nukta ya picha ikisoma kelvini 255 na 258, jibu ni -3: shuku majivu. Vumbi la jangwani nalo hutoa hasi, basi rudisha picha nyuma uone lilikoanzia.

Hatua ya 2: Pata kimo. Hapa usiharakishe, maana utabiri mwingi huharibikia hapa. Kosa la asilimia 10 tu kwenye kimo huzaa kosa la karibu asilimia 50 kwenye kiasi cha majivu yanayotoka. Wengi hulinganisha joto la kilele cha wingu na joto la hewa. Lakini wingu likiwa jembamba, joto la ardhi hupenya, na wingu huonekana liko chini kuliko lilivyo. Mimi huamini zaidi mwendo: fuata ukingo wa wingu kwenye picha nne mfululizo, pima kasi na mwelekeo, kisha tafuta kimo ambacho upepo wake unaenda vilevile.

Hatua ya 3: Endesha modeli ya kompyuta inayokokotoa upepo utakakopeleka majivu, HYSPLIT yatosha, kwa kilomita 6, 9, 12 na 15, kila kimo peke yake.

Hatua ya 4: Saa sita baadaye, pachika picha mpya juu ya matokeo. Kimo ambacho matokeo yake hayalingani na picha kipunguzie uzito, kinacholingana kiongezee. Palipofunikwa na mawingu ya mvua usipahesabu kuwa safi. Zamu moja ya usiku nilipaandika sifuri. Alfajiri mawingu yalipoachana, majivu yalikuwa palepale.

Hatua ya 5: Rudia kila picha mpya zinapoingia. Tahadhari rasmi kwa eneo hilo hutolewa na kituo cha ushauri wa majivu ya volkano cha Toulouse, Ufaransa. Ramani yako ikipishana na yao, wapigie simu kwanza kabla hujampa rubani yeyote.