Gari la zamani linalozima ovyo: namna ya kulinasa tatizo

Gari linazima njiani, linasukumwa pembeni, halafu likifika kwa fundi linawaka mara moja. Hapo ndipo watu huanza kubahatisha: leo koili ya cheche, kesho pampu ya mafuta, kesho kutwa sensa. Usinunue kitu. Tatizo la kuja na kuondoka hunaswa likiwa linatokea, kwa hiyo kifaa cha kupimia kiwe kimeshafungwa mahali pake kabla halijatokea. Ninazungumzia gari la petroli lenye nozeli na pampu ya umeme. La kabureta lina mambo yake.

1. Andika

Kila likizima, andika: injini ilikuwa ya moto au baridi? Mvua? Tuta? Mafuta yalikuwa kiasi gani? Likikata ghafla, fikiria umeme. Likikohoakohoa kwanza, fikiria mafuta. Huo si ushahidi, ni pa kuanzia tu.

2. Betri

Ikiwa imepumzika, 12.6V. Injini ikinguruma, 13.8 hadi 14.5V.

3. Ethi

Ethi ni njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri, kupitia bodi, injini na nyaya zake. Hapa usiwe na haraka, maana magari mengi ya zamani huumwa hapa hapa.

Kwanza, achana na kupima nyaya hizi kwa omu, yaani kipimo cha ukinzani. Waya mnene uliobakiwa na uzi mmoja mzima utakuonyesha karibu sifuri, kwa sababu mita hupitisha mkondo mdogo mno. Stata ikidai umeme wake, uzi huo haufui dafu. Pima volti, tena mzigo ukiwepo.

Chomoa fyuzi ya pampu ili injini isiwake. Weka mita kwenye volti za DC. Ncha nyeusi iguse nguzo ya hasi ya betri, nguzo yenyewe, si kibanio chake. Nyekundu iguse chuma kitupu cha injini, pasipo rangi wala grisi. Mwenzako apige stata. Ikisoma 0.2V au chini, sawa. Ikivuka 0.5V, umeme unapotelea njiani. Sogeza ncha nyekundu hatua kwa hatua: kibanio, waya, bolti, injini. Pale namba inaporuka ndipo penye ugonjwa.

Kisha rudia kwenye bodi, taa kubwa na feni vikiwa vimewashwa. Sifuri unayoipata bila mzigo haina maana yoyote. Majibu ya injini baridi pia usiyaamini peke yake. Pima tena ikiwa moto. Tikisa waya wakati wa kupima, kwani unaweza kung'aa nje na ndani umeshaota kutu ya kijani. Ukifungua bolti, piga msasa hadi chuma kionekane, kaza, ndipo upake grisi. Grisi haitangulii.

4. Taa mbili ndani ya gari

Mita za dijitali ni nzito kuonyesha umeme unaokatika kwa kufumba na kufumbua. Mimi naamini balbu ndogo ya 12V kuliko mashine za bei mbaya. Vuta waya wenye fyuzi ndogo kutoka kwenye umeme wa pampu hadi kwenye balbu moja, na mwingine kutoka chanya ya koili hadi balbu ya pili. Usiguse kabisa nyaya za sensa au za kompyuta kwa balbu. Unaweza kuunguza kompyuta. Abiria ndiye atazame, si dereva.

Zikizimika zote, shuku swichi ya kuwashia au rilei kuu (rilei ni swichi inayowashwa kwa umeme). Zikibaki zote, umeme upo: tafuta cheche na sensa ya krenki, ile inayoiambia kompyuta kuwa injini inazunguka. Ikizimika ya pampu peke yake, shuku rilei yake, ila kuna mtego: magari mengi hukata pampu yenyewe sekunde chache baada ya kukosa ishara ya krenki. Kwa hiyo angalia kipi kimetangulia. Taa ikizimika kwanza ndipo injini ikafa, ni rilei au waya wake. Injini ikifa kwanza, nenda kwenye sensa.

5. Joto

Pasha rilei au sensa unayoishuku kwa mashine ya kukaushia nywele, injini ikinguruma. Ikizima, poza kipuri hicho na ujaribu tena. Rilei ifungue utazame kwa lenzi: ufa mwembamba wa duara kwenye lehemu ya mguu wake unatosha kuwa chanzo. Lehemu upya.

Balbu zako usizing'oe bado. Endesha kwanza katika hali ile ile uliyoiandika, joto lile lile na barabara ile ile.