Jinsi ya kuandika hadithi fupi ya kutisha na kuchekesha, ukiwa Goma

Hatua ya kwanza, tafuta jambo la kweli linalotisha lenyewe. Hapa kwetu hatuna haja ya kukopa mashetani. Tuna mazuku: kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini na, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hutuama mabondeni na mashimoni, hasa usiku upepo ukitulia. Mbuzi anaanguka, na mtu mzima aliyesimama pembeni yake bado anapumua. Yaani kifo hiki kina kimo. Ukilielewa hilo, nusu ya hadithi unayo.

Lava ya Nyiragongo, volkano yetu, iache kwanza. Ile ya Januari 2002 na ya Mei 2021 iliwaachia majirani zetu vidonda, na mimi sioni vizuri kuvichezea.

Hatua ya pili, ongeza jambo moja lisilowezekana, usizidishe. Tuseme mazuku yanahifadhi sauti ya mtu wa mwisho yaliyemuua. Mengine yote yabaki kama yalivyo: ukuta wa mawe meusi, vumbi, magunia ya makala, yaani mkaa.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote: mpe mhusika kazi inayompeleka kwenye hatari. Chukua kijana wa chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo. Hupiga goti moja juu ya ubao, palipopigiliwa kipande cha kandambili, huku mikono ikishika usukani na mguu mwingine ukisukuma. Riziki yake inamtaka ashuke chini, na kifo kiko chini. Sasa apite kando ya shimo, asikie sauti ya mteja aliyekufa bila kumlipa.

“Papa, ile deni ya makala?”

“Inama kidogo, mtoto wangu, nikuhesabie.”

Kicheko kimo humo humo. Usikiongezee neno. Kijana hatanii hata kidogo. Anaitaka pesa yake, na msomaji atacheka huku akimwomba asiiname.

Fumbo lifiche mapema, katikati ya sentensi inayozungumzia kitu kingine. Majirani wote hufunga mbuzi wao juu, karibu na ukuta. Kamba moja tu imefungwa chini shimoni. Taja fundo lake, endelea na safari. Kurasa mbili mbele, yaya yake kijana, yaani ndugu yake mkubwa, anamfungia magunia asubuhi, kwa fundo lile lile. Usieleze kitu.

Mwisho, msomee mtu wa mtaani kwako usiku, umeme ukikatika. Akimtaja yaya kabla kijana hajainama, umelionyesha fundo mno: lipunguzie maneno pale shimoni. Akimaliza bila kumshuku mtu, irudishe kamba mara moja zaidi, mkononi mwa kijana, akiwa tayari amepiga goti.