Kuomba kazi ya ulinzi Dodoma: anza na karatasi ipi?

Tangazo la kazi ya ulinzi liwe la Mji wa Serikali Mtumba, la benki ya katikati ya jiji au la ghala huko Kizota, viambatisho wanavyotaka havitofautiani sana: namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), cheti cha kuzaliwa, barua ya serikali ya mtaa, cheti cha tabia njema cha polisi, wadhamini wawili, na mara nyingi cheti cha JKT au mgambo. Wengi hukimbilia polisi kwanza. Huko ni kuanzia mwisho. Polisi watakuuliza NIDA, NIDA watakuuliza cheti cha kuzaliwa, na kila dirisha linalinganisha jina lako na karatasi iliyotangulia.

Kwa hiyo kabla ya kulipa hata nauli, tandika karatasi zako zote mezani usome majina herufi kwa herufi. Cheti cha darasa la saba kinasema Yohana Mazengo, NIDA inasema Johana Mazengo, cha kuzaliwa kina jina la babu ambalo kwingine halipo. Hapo ndipo maombi mengi hukwama. Tofauti ndogo mwajiri anaweza kuipokea ukiwa na kiapo cha wakili au cha mahakamani, lakini muulize kwanza, maana kiapo nacho ni hela. Ikiwa kosa liko NIDA, rekebisha huko kabla ya kugusa kingine chochote, kwa sababu jina la NIDA ndilo litakalochapwa kila mahali.

Asiye na cheti cha kuzaliwa aende RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi. Maombi yanafanyika mtandaoni au kwenye ofisi ya wilaya. Mtu mzima ambaye hakusajiliwa utotoni ajiandae kutoa vielelezo zaidi kuliko mtoto aliyesajiliwa ndani ya siku 90.

NIDA: fomu inajazwa kwenye eonline.nida.go.tz. Ukishaichapisha, ipeleke kwa mtendaji wa mtaa isainiwe na kugongwa muhuri, halafu ndipo uende ofisi ya NIDA ya wilaya kupigwa picha, kutoa saini na alama za vidole. Usajili wa mara ya kwanza kwa raia ni bure. Huhitaji kungoja kadi, namba inatosha kwa shughuli nyingi. Piga *152*00#, fuata sehemu ya NIDA, jaza majina yako, tarehe ya kuzaliwa na majina ya mama. Ikija, ikague: ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1998 namba yake inaanza na 19980314. Ikianza vinginevyo, tarehe yako iliingizwa vibaya na utasumbuliwa mpaka uirekebishe.

Barua ya mtaa ni kazi ya asubuhi moja kama mjumbe anakufahamu. Kama umehamia juzi Nkuhungu au Chang'ombe na hata jirani hakujui, anza kwa balozi wa nyumba kumi. Ukiambiwa utoe "mchango wa ofisi", omba risiti kwa heshima. Mara nyingi mchango hupotea wenyewe.

Sasa polisi. Maombi ya cheti cha tabia njema yanaanzia kwenye mfumo wa mtandaoni wa Jeshi la Polisi: unajaza taarifa, unataja sababu ya kuomba, mfumo unakupa namba ya malipo. Namba hiyo ina tarakimu 12 na huanza na 99. Mtu akikupa namba yake ya simu umtumie hela "akuharakishie", huyo ni kishoka.

Alama za vidole ndizo huwaangusha watu wa kwetu. Aliyebeba saruji Msalato au aliyepogoa mizabibu Hombolo na Mpunguzi msimu mzima, mistari ya vidole vyake imesagika, na mashine au wino hautoi kitu. Wiki moja kabla, pumzisha mikono na uipake mafuta kila usiku. Siku yenyewe usipake. Nawa kwa sabuni, kausha kabisa. Kidole kikiwa na jeraha, ngoja kipone. Askari akikuzungushia kidole usimsaidie kwa kusukuma, legeza mkono.

Gharama? Ada za serikali sizo zinazouma zaidi. Kinachouma ni steshenari, kopi, picha za pasipoti (uliza kwanza rangi ya nyuma wanayotaka), na siku za kibarua unazopoteza, hasa kwa anayetoka Bahi, Chamwino au Mpwapwa. Shughuli zinazoweza kufanyika pamoja zipange siku moja, na uchanganue (scan) kila karatasi uihifadhi kwenye barua pepe yako, si kwenye simu ya mwenye steshenari.

Wadhamini watafute mapema, maana mtumishi mwenye mshahara haazimi jina lake kirahisi. Cheti cha tabia njema kiwe cha mwisho: waajiri wengi wanataka cha karibuni, na ukikiomba kabla hujajua kazi ipi unaitaka, huenda ukalazimika kulipia kingine.